Handas na Ubongo: Nani Huamua Kununua Kibunda cha Pili?

Sehemu ya Pili

Mjini Maua, Meru, vibunda vya miraa vilivyofungwa kwa majani ya mgomba hupakiwa upesi kwenye pikapu zinazokimbilia Nairobi. Haraka hiyo ina sababu ya kikemia. Kathinoni, kichangamshi kilichomo kwenye miraa, iliyotambuliwa katika maabara ya Umoja wa Mataifa mwaka 1975, hugeuka kathini iliyo dhaifu kadiri jani linavyonyauka. Muguka, aina ya miraa ya Mbeere, Embu, nao haungoji.

Sehemu ya kwanza ilieleza jinsi kathinoni inavyozichochea neva zimwage dopamini. Je, dopamini ndiyo raha yenyewe?

Kent Berridge na Terry Robinson wa Chuo Kikuu cha Michigan walilikana hilo mwaka 1993. Katika majaribio ya Berridge, panya walioondolewa karibu dopamini yote waliacha kutafuta chakula, ila walipotiwa sukari mdomoni waliramba midomo kama kawaida. Utamu waliuhisi, hamu ndiyo iliyotoweka.

Kwa mtu aliyezoea kilevi, mambo huweza kwenda kinyume: hamu ikapanda huku raha ikififia. Mtafunaji, njugu na Big G mkononi, anaweza kulalamika kuwa handas, yaani msisimko wa miraa, ya siku hizi si kama ya zamani, na papo hapo akaagiza muguka mwingine.

Picha za MRI peke yake hazitegui kitendawili hicho. Zinaonyesha sehemu ya ubongo iliyochangamka, lakini hazisemi kama mwenyewe anafurahi, anatamani au ana wasiwasi. Lazima aulizwe.

Hata hivyo, ushahidi wake una mipaka. Mwaka 1977, Richard Nisbett na Timothy Wilson waliandika kuhusu wanunuzi waliopangiwa jozi nne za soksi ndefu zilizofanana kabisa. Wengi walichagua ya kulia mwisho, wakadai ina ubora zaidi. Mahali ilipowekwa soksi hawakupataja.

Basi mtu ni shahidi mzuri wa anachohisi, lakini si wa kinachomsukuma. Mei 2024, Kaunti ya Mombasa ilipopiga marufuku muguka, mabishano yalihusu afya ya vijana wa Pwani na riziki ya wakulima wa Embu. Mtafiti wa ubongo, kwa upande wake, angemwuliza mtafunaji maswali mawili, kila moja kwa wakati wake: unatamani kiasi gani kabla ya kutafuna, na unafurahia kiasi gani unapotafuna?

Sehemu ya tatu itaeleza jinsi mkesha unavyobadilisha majibu hayo.