Petroli Isiyo na Risasi na Injini za Zamani: Kweli au Si Kweli?

"Injini ya zamani hufa ikinyweshwa petroli isiyo na risasi." Si kweli, na ushahidi uko barabarani. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara zilikubaliana mjini Dakar, Juni 2001, kuachana na petroli yenye risasi, na kufikia mwanzoni mwa 2006 ilikuwa imeondoka sokoni. Gari kuukuu unalolikuta leo kwenye barabara ya Kawambwa kwenda Nchelenge, Zambia, limeishi bila risasi kwa takriban miaka ishirini.

"Risasi haikuwa na kazi yoyote." Hili nalo si kweli. Ilianza kuuzwa ndani ya petroli Marekani mwaka 1923 ili kuzuia injini kugonga. Tena iliacha utando mwembamba kati ya vali ya moshi na siti yake. Utando huo usipokuwepo, na injini ikakimbizwa muda mrefu na mzigo mzito, vali ya moto hushikana na siti laini na kuinyofoa chembe kwa chembe. Vali huzama, nafasi ya tapeti hupungua, mwisho vali haifungi tena.

Lakini si kila injini ina siti laini. Morris Minor inayo, kwa sababu siti zake zimechongwa humo humo kwenye silinda hedi ya chuma cha kutupwa. Peugeot 404, iliyoshinda Safari Rally 1963, 1966, 1967 na 1968, ina hedi ya aluminiamu. Aluminiamu haihimili mapigo ya vali, hivyo kiwanda kililazimika kupachika siti za chuma kigumu. Mwenye gari hilo anahangaikia ugonjwa usio wake.

"Mashine za boti ndizo huumia zaidi." Si kweli kwa mashine za viharusi viwili, na kwa kisiwa kama Chisenga, upande wa Ziwa Mweru, ambacho hakifikiki bila kuvuka maji, jambo hili linafaa kueleweka vizuri. Mashine ya viharusi viwili haina vali za namna hiyo. Moshi hutokea kwenye matundu ya silinda, pistoni ikiyafungua na kuyafunga. Pasipo siti hakuna cha kuliwa. Kinachoiua ni oili pungufu kwenye mchanganyiko, maana ndiyo pekee inayolainisha pistoni na beringi, na maji yaliyoingia kwenye dumu wakati wa kuvusha petroli.

"Parafini kidogo hufidia risasi." Si kweli. Hushusha okteni, injini hugonga, na pistoni inaweza kutoboka. Petroli ya okteni kubwa nayo huzuia kugonga tu, siti haiilindi.

"Petroli ya zamani ilikuwa bora." Kwa nani? Risasi ilitoka na moshi ikaingia kwenye damu ya watoto, na huharibu ubongo unaokua hata ikiwa kidogo. Algeria, nchi ya mwisho kuiuza kwa magari, iliacha Julai 2021. Siwezi kuitamani irudi kwa ajili ya gari lolote.

Mwenye wasiwasi apime nafasi za tapeti za vali za moshi, injini ikiwa katika hali iliyoelekezwa na kitabu chake, aandike vipimo, kisha arudie baada ya miezi kadhaa. Zisipobadilika, aendelee kuendesha. Zikizidi kubana kila anaporekebisha, hedi ipelekwe kwa fundi wa kukereza, apachike siti ngumu.