Oslo: Mchana wa Saa Sita

Tarehe 8 Oktoba 2004 Profesa Wangari Maathai alikuwa garini, akitoka Nairobi kwenda jimboni kwake Tetu, simu ilipolia kutoka Norway. Alisimama Nyeri mjini, kwenye hoteli ya Outspan, akachimba shimo kwa mikono yake na kupanda mche wa Nandi flame akiwa ameuelekea Mlima Kenya. Miezi miwili baadaye, tarehe 10 Desemba, alikuwa Oslo, ndani ya ukumbi wa jumba la manispaa, mbele ya Mfalme Harald na Malkia Sonja, akipokea Tuzo ya Amani ya Nobel. Hakuna mwanamke wa Kiafrika aliyeipata kabla yake.

Tangu siku hiyo jina la Oslo si geni tena katika vijiji vya Tetu na Mathira. Mji wenyewe, hata hivyo, wachache wameufikia, na wachache zaidi wameuona katika mwezi ule ule aliofika yeye, majira ya baridi yanapokuwa yamekaza.

Mtu wa Nyeri si wa kutishwa na baridi kwa maneno. Amelelewa na gathano, ile miezi ya Juni hadi Agosti ambapo ukungu hushuka kutoka Nyandarua asubuhi na kukataa kuondoka, mlima ukapotea wiki nzima, na mama wa sokoni akauza sukuma wiki akiwa amevaa makoti mawili. Theluji nayo anaijua kwa macho. Kilele cha Batian, mita 5,199, hung'aa alfajiri kabla mawingu hayajakifunika, na mzee yeyote wa Naro Moru atasimulia jinsi weupe ule ulivyokuwa mpana zaidi alipokuwa kijana. Kwa hiyo msafiri kutoka huku huenda Oslo akidhani anakwenda kukutana na Julai ya Nyeri iliyozidishwa mara tatu au nne.

Kinachomshangaza ni giza.

Oslo iko karibu nyuzi 60 kaskazini mwa ikweta. Nyeri iko chini ya nusu nyuzi kusini mwake, na barabara ya kuingia Nanyuki inaukata mstari wenyewe. Huku kwetu jua huchomoza na kutua karibu na saa kumi na mbili mwaka mzima. Mkulima anaweza kupanga kazi yake kwa kivuli cha mgumo. Kule, katika siku fupi kuliko zote, karibu na tarehe 21 Desemba, jua huchomoza saa tatu na dakika 18 asubuhi na kutua saa tisa na dakika 12 alasiri. Mchana wote haufiki saa sita. Na hata wakati wa adhuhuri jua halipandi juu ya kichwa: hukaa nyuzi saba hivi tu juu ya upeo wa macho, kama jua la hapa linapokaribia kutua, na vivuli vya watu hulala barabarani virefu kama nguzo za stima. Watoto huenda shule jua halijachomoza. Mgeni aliyeshiba usingizi huamka, akatazama dirishani, akadhani ni usiku wa manane, kumbe wenyeji wako kazini zamani.

Mwili hulisikia jambo hilo. Ngozi hutengeneza vitamini D kwa mwanga wa jua, na ngozi nyeusi huhitaji mwanga mwingi zaidi ili itengeneze kiasi kile kile, ndiyo maana Waafrika wanaoishi Norway hushauriwa wasiupuuze upungufu wa vitamini hiyo. Wanorway wenyewe wana dawa ya tangu zamani: mafuta ya ini la chewa, kijiko kimoja asubuhi, katika miezi yote yenye herufi R. Katika lugha yao miezi hiyo ni Septemba hadi Aprili. Mei, Juni, Julai na Agosti hazina R, na hazina haja ya mafuta.

Dhidi ya giza lenyewe mji hupigana kwa taa. Desemba inapoingia, karibu kila dirisha huwekwa nyota ya karatasi yenye balbu ndani, au kinara cha mishumaa saba, na mapazia huachwa wazi ili anayepita naye afaidi mwanga. Watu wazima kwa watoto hutundika kwenye makoti vipande vidogo vya plastiki vinavyorudisha mwanga wa taa za magari. Mtu anayetembea usiku kando ya barabara ya Karatina, akiwa na koti jeusi na lori likija, angejua mara moja thamani ya kipande kile.

Baridi, sasa. Wastani wa Januari ni nyuzi chache chini ya sifuri, ingawa ipo miaka inayoshuka hadi nyuzi 20 chini ya sifuri, na hapo unyevu wa puani huganda mtu akivuta pumzi. Lakini ni baridi kavu mara nyingi, na wenyeji wana msemo wenye vina kwamba hakuna hali mbaya ya hewa, kuna nguo mbaya tu. Wanaufuata msemo huo kwa bidii. Nguo ya kwanza, inayogusa ngozi, ni ya sufu nyembamba. Juu yake sufu nyingine nzito. Juu kabisa koti la kuzuia upepo. Pamba haivaliwi ndani, kwa kuwa ikishika jasho hubaki na maji na kumgandisha mwenye kuivaa. Hili kina mama wanaosokota sufu Nanyuki wanalifahamu vizuri. Na lile jaketi zito la mitumba linalochaguliwa kwenye lundo la soko la Karatina huenda lilishonewa nchi kama hiyo hiyo, hivyo msafiri hulirudisha tu lilikotoka.

Shida ya kweli iko miguuni. Theluji mpya ni laini na hutembeleka; ikiyeyuka mchana na kuganda tena usiku, njia zote huwa kioo. Manispaa humwaga kokoto ndogo na chumvi, na wazee huvalisha viatu vyao mikanda ya mpira yenye meno ya chuma. Kuna pia fito ambazo mgeni huzipita bila kuelewa, zimeegemezwa ukutani na kukatiza njia ya waendao kwa miguu. Hizo ni onyo: juu ya paa kuna barafu inayotaka kuanguka, pita upande wa pili.

Ukishafunga mlango, mambo hugeuka. Nyumba za Oslo zimejengwa zikijua Januari itakuja: kuta nene zilizojazwa pamba ya kuzuia joto lisitoke, madirisha ya vioo viwili au vitatu, hita za umeme ukutani. Ndani ni nyuzi 20 na zaidi, na watu hukaa kwa fulana. Ukweli ni kwamba mtu wa Nyeri huhisi baridi zaidi sebuleni kwake mwezi wa Julai kuliko sebuleni mwa mwenyeji wake Oslo mwezi wa Januari. Kwetu nyumba hujengwa kana kwamba gathano ni mgeni wa kupita. Madirisha hayafungi sawasawa, paa la mabati halina dari, na jiko la makaa huingizwa chumbani usiku, jambo ambalo limeshaua watu. Umeme wa Norway kwa sehemu kubwa hutoka kwenye maporomoko ya maji, kama ule wa mabwawa ya Tana ambao maji yake huanzia Mlima Kenya na Nyandarua, ila wao wanao mwingi wa kutosha kupashia nyumba joto na kuendeshea magari. Mwaka 2024 karibu magari tisa kati ya kila kumi mapya yaliyouzwa nchini humo yalikuwa ya umeme.

Mtu angetarajia kwamba watu wenye nyumba zenye joto hivyo watakaa ndani hadi Aprili. Hawakai. Watoto wachanga hulazwa usingizi wa mchana nje, ndani ya vigari vyao, wamefungwa sufu hadi pua. Katikati ya mji, karibu na jumba la maonyesho la taifa, kuna uwanja wa barafu uitwao Spikersuppa ambapo kuingia ni bure, na baba mwenye tai hucheza humo na binti yake baada ya kazi. Bandarini, jirani na jumba la opera lililofunguliwa 2008, kuna vibanda vinavyoelea, vinavyopashwa joto kwa kuni, ambamo watu huketi kwenye mvuke mpaka ngozi iwe nyekundu kisha wakajitosa kwenye maji ya hori yanayokaribia kuganda. Hutoka wakicheka.

Jumapili mji mzima huelekea msituni. Hapa ndipo penye kiini cha Oslo, na ndipo mtu wa Nyeri anapopaswa kutulia na kutazama. Mji una watu laki saba hivi, na umezungukwa na msitu wa misonobari wauitao Marka. Treni ya mjini, laini namba moja, hupanda kutoka katikati ya mji hadi kituo cha Frognerseteren, na ndani yake abiria husimama na skii zao wima kama watu waliobeba miwa. Wakishuka, wako msituni. Njia za skii zinazotengenezwa humo zina urefu wa zaidi ya kilomita 2,000, nyingine zina taa ili watu wateleze baada ya kazi, na chama kinachozishughulikia, Skiforeningen, kiliundwa mwaka 1883. Asiyejua skii huazima ubao wa kuketia, akateremka njia ya Korketrekkeren yenye urefu wa kilomita mbili hivi, kona baada ya kona, mpaka kituo cha Midtstuen, halafu akapanda treni kurudi juu na kuanza upya. Mwaka 2009 bunge lilitunga sheria ya kuulinda msitu huo usiliwe na nyumba, ingawa ardhi yake ingeuzwa kwa fedha nyingi mno.

Mkenya anayemkumbuka Maathai akiupigania msitu wa Karura, na bustani ya Uhuru Park mwaka 1989, hahitaji kuelezwa sheria hiyo ina uzito gani. Na pengine ndiyo sababu mwanamke huyo wa Ihithe alieleweka Oslo mapema kuliko alivyoeleweka na wakubwa wa Nairobi. Uhusiano wake na watu wale haukuanza 2004. Mapema miaka ya 1980, Green Belt Movement, harakati yake ya kupanda miti, ilipokuwa changa na ikihangaika, Wilhelm Elsrud wa Chama cha Misitu cha Norway alifika Kenya akitafuta wa kushirikiana naye, wakakubaliana kufanya kazi pamoja. Serikali za nchi hizo mbili hazikupatana hivyo kila wakati: Oktoba 1990 Kenya ilivunja uhusiano wa kibalozi na Norway kwa sababu ya mpinzani Koigi wa Wamwere, aliyekuwa amepewa hifadhi huko. Miche iliendelea kupandwa.

Jumba ambamo Maathai alipokea tuzo ni la matofali mekundu, lenye minara miwili, na limekuwa makao ya manispaa tangu 1950. Sherehe hufanyika humo kila tarehe 10 Desemba, siku aliyofariki Alfred Nobel mwaka 1896. Katika hotuba yake Profesa Maathai alikumbuka kijito kilichopita karibu na kwao, alikokwenda kumtekea mama yake maji, akacheza kati ya majani ya nduma na kujaribu kuokota mayai ya chura akiyadhania shanga. Maneno hayo yalisemwa wakati nje jua limeinama chini, karibu na upeo wa macho. Jioni ya siku hiyo, kwa desturi, watu huandamana na mienge ya moto hadi Grand Hotel kwenye barabara ya Karl Johan, na mshindi hutoka roshani kuwapungia mkono.

Mwaka ule ule wa 2004, kijana wa Oslo aitwaye Tim Wendelboe alishinda ubingwa wa dunia wa kuandaa kahawa. Mwaka 2007 alifungua duka dogo mtaa wa Grünerløkka, na miongoni mwa kahawa alizowahi kuuza kwa jina la kiwanda zilikotoka ni ile ya Karogoto, ya chama cha ushirika cha Tekangu huko Mathira. Wanorway ni miongoni mwa wanywaji wakubwa kabisa wa kahawa duniani, na huikaanga kidogo tu, ibaki na uchachu wa matunda. Wakati Oslo iko gizani, Mathira iko katikati ya mavuno: wachumaji wanashusha madebe yao ya buni nyekundu kiwandani, mashine inamenya, buni inaoshwa na kuanikwa kwenye meza ndefu za wavu juani. Wakulima wengi hawajapata kukionja kikombe kinachotoka kwenye shamba lao, na hilo ni jambo la kuumiza. Anayesafiri na atenge nusu saa akakitafute Grünerløkka, ajue kile wanachokilipia Wanorway.

Mtaa wa jirani, Grønland, ndiko atakakosikia Kisomali, Kiurdu na, akiwa na bahati, Kiswahili cha Wakongo waliopokelewa kama wakimbizi. Maduka ya huko huuza muhogo, ndizi za kupika na unga wa mahindi, kwa bei ya kufikiria mara mbili.

Kutoka Frognerseteren, mwendo wa nusu saa ndani ya msitu, kuna misonobari 1,000 iliyopandwa mwaka 2014 kwa mpango wa msanii wa Scotland, Katie Paterson. Itakatwa mwaka 2114 itengenezwe karatasi, na kwenye karatasi hiyo vitachapwa vitabu 100 ambavyo waandishi huviandika, kimoja kila mwaka, na kuvikabidhi bila mtu mwingine kuvisoma. Tsitsi Dangarembga wa Zimbabwe ni mmoja wao. Miswada imefungiwa katika chumba kidogo kilichojengwa kwa mbao za msitu huo huo, ndani ya maktaba kuu ya mji. Miti yenyewe bado ni midogo, na Januari theluji huilemea matawi hadi ikafanana na watu walioinama. Mtu akiifikia saa nane mchana anaweza kuitazama vizuri. Akichelewa hadi saa kumi, atahitaji tochi ya kumrudisha kituoni.