Kusajili Simu na Vishikwambi vya Kazi: Namna ya Kuchagua Njia Inayofaa

Taasisi nyingi, vikiwemo vyama vya msingi vya ushirika, huwapa watumishi simu janja au vishikwambi vya kazi. Ndani yake huhifadhiwa majina ya wanachama, uzito wa mazao na hesabu za malipo. Kifaa kikipotea bila kusajiliwa katika mfumo wa usimamizi, taarifa hizo huweza kubaki mikononi mwa aliyekiokota. Sura hii inaeleza njia za usajili na namna ya kuchagua.

Maana ya usajili

Kusajili kifaa ni kukiunganisha na mfumo ambao humwezesha msimamizi aliyeteuliwa kuweka masharti ya nywila, kusambaza programu za kazi, na kukifunga au kufuta data zake kikiibiwa. Usajili huu usichanganywe na usajili wa laini kwa alama za vidole. Ule humtambulisha mwenye laini. Huu hukiweka kifaa chini ya masharti ya taasisi.

Njia kuu tatu kwa vifaa vya Android

1. *Wasifu wa kazini.* Njia hii hufaa simu iliyo mali ya mtumishi. Programu za kazi hutengwa na za binafsi. Mwajiri hasomi ujumbe wala haoni picha za upande wa binafsi, na mtumishi akiacha kazi hufutwa upande wa kazi pekee.

2. *Msimbo wa QR.* Njia hii hufaa kifaa kilicho mali ya taasisi. Kifaa kikiwa kipya, au kikiwa kimefutwa chote na kurejeshwa katika hali ya kiwandani, gusa skrini ya kwanza mara sita mahali pamoja, kisha piga picha msimbo uliotolewa na mfumo. Kifaa chote huwa chini ya usimamizi.

3. *Usajili kupitia muuzaji.* Muuzaji aliyeidhinishwa huingiza namba za vifaa katika mfumo kabla ya kuvikabidhi. Kifaa hujisajili chenyewe kinapopata intaneti mara ya kwanza, na hata kikifutwa hurudi chini ya usimamizi. Njia hii hufaa taasisi inayonunua vifaa vingi kwa pamoja.

Mfano wa Sikonge

Tuchukue mfano wa chama cha wakulima wa tumbaku wilayani Sikonge. Chama kimenunua vishikwambi vinne katika duka la kawaida mjini Tabora kwa ajili ya makarani, na meneja anatumia simu yake mwenyewe. Vishikwambi visajiliwe kwa msimbo wa QR, na simu ya meneja iwekewe wasifu wa kazini. Kuisajili simu yake kwa njia ya pili kungelazimu kufuta kila kilichomo na kumpa mwajiri mamlaka juu ya mali isiyo yake.

Kazi hiyo ifanyike ofisini, penye mtandao wa uhakika, kabla ya msimu wa masoko. Karani akishapelekwa kijijini na kuanza kuandika mizani, kuhamia njia ya pili kutahitaji kufuta kishikwambi chote. Kumbukumbu ambazo hazijatumwa zitapotea, na mkulima atakosa uthibitisho wa alichouza.

Kabla ya kununua na kabla ya kukabidhi

- Bonyeza *#06# upate namba ya IMEI, kisha itume kwa ujumbe mfupi kwenda 15090 kuhakiki kifaa. Simu bandia zilizimwa nchini Juni 2016, na kifaa kisicho halali ni hasara kwa chama.
- Kwa kifaa kilichotumika, mtake muuzaji athibitishe kuwa kimeondolewa katika mfumo wa mmiliki wa awali.
- Chama nacho kikiuza au kugawa kifaa, kifute data na kukiondoa katika mfumo wake. Vifaa hubadili mikono: vishikwambi vya Sensa ya Agosti 2022 viligawiwa kwa walimu baada ya kazi hiyo.
- Watu wawili walioteuliwa kwa maandishi wawe na mamlaka ya usimamizi, ili mmoja akiondoka chama kisifungiwe nje ya vifaa vyake.

Haki za mtumishi na mwanachama

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Mtumishi aelezwe, kabla ya kusajili simu yake, ni taarifa zipi mwajiri ataziona na kwa madhumuni gani. Anayeona taarifa zake zimetumika isivyo halali anaweza kuwasilisha malalamiko kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.

Kumbuka

Jiulize kwanza kifaa ni mali ya nani, kisha kama ni kipya au kimeshatumika, na mwisho kama muuzaji ameidhinishwa. Majibu hayo yapatikane kabla kifaa hakijakabidhiwa.