"Rezo iko polepole": njia imejaa au safari ni ndefu?

Mtu wa Kamanyola akifungua ukurasa kwenye simu nao usitokee, husema: "Rezo iko polepole." Sentensi hiyo inaeleweka na kila mtu, lakini inaficha matatizo mawili yasiyofanana. Mtengenezaji wa programu asiyeyatenganisha hutibu ugonjwa ambao mgonjwa hana.

Tuitazame barabara inayotoka hapa kupanda Ngomo kwenda Bukavu. Malori yakizidi, yanapanga foleni: huo ni msongamano, nao huisha malori yakipungua. Lakini hata njia ikiwa tupu, lori lililo peke yake litahitaji muda kuzimaliza kona za mlima. Huo ni ucheleweshaji wa safari. Kununua lori kubwa zaidi hakufupishi mlima.

Katika intaneti, mlima huo ni setilaiti. Ile inayokaa juu ya ikweta kama isiyosogea iko kimo cha kilomita 35,786. Ishara ya redio husafiri karibu kilomita 300,000 kwa sekunde, kwa hiyo kupanda na kushuka huchukua takriban milisekunde 240. Swali likienda na jibu likirudi, karibu nusu sekunde imepita, hata kama hakuna mtumiaji mwingine. Mitambo ya njiani huongeza yake.

Sasa fikiria fomu ya kujiandikisha chuoni ambayo huuliza seva mara 40, swali moja baada ya jingine. Mezani kwa mtengenezaji jibu hurudi kwa milisekunde 20, na kazi yote huisha chini ya sekunde moja. Jibu likichukua milisekunde 600, kazi ileile hufika sekunde 24. Ikiwa programu imeamriwa kusubiri sekunde 10 tu, itakata. Mwanafunzi atabonyeza tena, na pengine atalipa mara mbili.

Dawa ni kuuleta umbali mezani. Mfumo wa Linux una chombo kiitwacho netem. Hushika kila pakiti inayotoka, hukaa nayo kwa muda ulioamriwa, kisha huiachilia. Amri yake ni fupi:

tc qdisc add dev eth0 root netem delay 600ms

Hapo eth0 ni jina la mlango wa mtandao wa kompyuta. Kwa kuwa zinazoshikwa ni pakiti zinazotoka, 600 upande mmoja au 300 kila upande hutoa jumla ileile.

Kuna mtego mmoja. Kwa kawaida netem hubeba pakiti 1,000 tu kwa wakati mmoja, zikizidi huzitupa. Kwa pakiti za baiti 1,500 na ucheleweshaji wa milisekunde 600, kikomo hicho hufikiwa kwenye megabiti 20 kwa sekunde. Asiyejua atadhani amekuta msongamano, kumbe kikapu chake ndicho kimejaa. Kikomo huongezwa kwa neno limit.

Hata TCP, kanuni inayosafirisha data nyingi za intaneti, huwa na dhana hiyo: pakiti ikipotea, kwa kawaida huona njia imejaa na kupunguza mwendo. Ilifunzwa hivyo baada ya Oktoba 1986, mwendo kati ya maabara ya Lawrence Berkeley na chuo kikuu jirani cha Berkeley, Marekani, uliposhuka kutoka biti 32,000 kwa sekunde hadi 40. Van Jacobson alieleza dawa yake mwaka 1988. Lakini TCP hurudisha mwendo kadiri majibu yanavyofika, hivyo penye safari ndefu hupona taratibu.

Kwa hiyo jaribu ucheleweshaji peke yake, kisha msongamano peke yake, halafu vyote pamoja. Nasi wanafunzi wa lugha tuna sehemu yetu. Mtu akisema "rezo iko polepole", tumuulize: ni saa zote, au ni jioni tu, watumiaji wakiwa wengi? Jibu lake litamwonyesha fundi pa kuanzia.