Kununua Godoro la Mpira Bila Kuligusa

Nchelenge ni mji ulio ukingoni mwa Ziwa Mweru, katika Mkoa wa Luapula, mahali ambapo maji yenyewe ndiyo mpaka wa Zambia na Kongo. Kutoka Lusaka hadi hapo, kwa njia ya Serenje na Mansa, ni mwendo wa kilomita elfu moja hivi. Umbali huo ndio unaolikuza jambo la godoro. Askari aliyehamishiwa huko akitaka godoro la utomvu wa mpira hulitafuta katika simu yake, hulipa kwa simu hiyohiyo, kisha hungoja literemshwe kutoka katika basi. Likifika silo, mshahara umekwisha kutoka, na nauli ya kulirudisha huenda ikawa juu yake.

Wala si anasa tunayoizungumza. Miezi ya Desemba hadi Februari, uvuvi unapofungwa upande wa Zambia, doria za ziwani huwa za usiku, na aliyekesha hulala mchana kwenye joto. Sponji ya kawaida huhifadhi joto la mwili na kubonyea upesi mahali pa nyonga. Godoro la utomvu limejaa matundu yapitishayo hewa, na likibonyezwa hurudi mara moja. Hapana ajabu kwamba linatamaniwa.

Shida huanzia kwenye maneno ya tangazo. Muuzaji mmoja ataandika “lateksi asilia”, wa pili “lateksi asilimia 100”, wa tatu “godoro lenye lateksi”. Msomaji asiyezoea hudhani ni kitu kimoja kwa bei tatu, naye huchagua ya chini. Kumbe wa kwanza anadai kwamba mpira wake umetoka mtini, katika ule mti wa Brazili ambao Mwingereza Henry Wickham alizichukua mbegu zake mwaka 1876, ukaenea Asia. Wa pili amesema tu kwamba hakutia sponji. Lateksi yake yaweza kuwa ya kiwandani, iliyotengenezwa kwa mafuta ya petroli, au mchanganyiko wa hizo mbili. Wa tatu hakuahidi kitu: tabaka la sentimita tatu juu ya sponji tupu latosha kumwondolea lawama ya uongo.

Kuna pia majina ya namna za kutengeneza. Dunlop, iliyoanza Uingereza mwaka 1929, ni kuukoroga utomvu hadi uwe povu, kuumimina katika kalibu na kuupika kwa mvuke. Uzito hushuka chini kidogo, na godoro huwa zito na gumu zaidi upande mmoja. Talalay hujaza kalibu kwa sehemu tu, hewa hutolewa ili povu litanuke, kisha hugandishwa kwa baridi kali kabla ya kupikwa. Hutoka laini, jepesi na la bei ya juu. Kwa maoni yangu, kwa kitanda cha kambini Dunlop yatosha kabisa.

Sasa, mtu asiyeweza kuligusa godoro atalipimaje? Kwa uzito. Hapa pana hesabu ambayo askari yeyote aliyewahi kugawa posho bohari ataiweza. Tuseme matangazo mawili yanaonyesha godoro la urefu wa sentimita 190, upana 90 na unene 15, yote mawili yakiitwa lateksi, kwa bei zinazokaribiana. Zidisha mita 1.9 kwa 0.9 kwa 0.15, utapata mita za ujazo 0.2565. Muulize kila muuzaji uzito wa godoro, toa kilo moja na nusu za kitambaa cha nje, kisha gawanya. Akijibu wa kwanza kuwa kilo 21, utapata kama kilo 76 kwa mita ya ujazo. Akijibu wa pili kuwa kilo 12, utapata kama 41. Dunlop ya kawaida huwa kati ya kilo 70 na 95, na Talalay kati ya 50 na 70 hivi. Sponji nyingi hazifiki 40. Hilo la pili, bila shaka kubwa, lina sponji tumboni. Na muuzaji asiyetaka kutaja uzito amekwisha kujibu.

Mizani, hata hivyo, haiwezi kutenga mpira wa mtini na wa kiwandani, na wako watengenezaji wanaoongeza unga wa chokaa ili kujaza uzito. Hapo itakubidi uombe cheti. Alama ya GOLS hudai zaidi ya asilimia 95 ya malighafi iwe ya mashamba ya kilimo hai yaliyokaguliwa. Alama ya OEKO-TEX huthibitisha kutokuwepo kwa kemikali zenye madhara, basi. Hata sponji huweza kuipata. Wengi huionyesha kana kwamba ni ile ya kwanza.

Kuhusu ugumu, usitegemee neno “wastani”, kwani wastani wa muuzaji huyu ni mgumu wa yule. Wenye kujua hupima nguvu inayohitajika kulibonyeza godoro robo ya unene wake. Omba tarakimu hiyo kwa wote wawili, tena kwa kipimo kimoja. Mtu wa kilo 90 atahitaji tarakimu kubwa kuliko wa kilo 60.

Unene nao usikuvutie mno. Nchelenge ni miongoni mwa wilaya za Zambia zenye malaria kali, na chandarua sharti kichomekwe chini ya godoro pande zote. Godoro la sentimita 30 hula chandarua chote, na kuliinua kila jioni ni kazi ya watu wawili. Sentimita 15 hadi 20 zatosha. Pia wale wenye desturi ya kuanika magodoro juani waiache: jua huukausha utomvu hata ukapukutika. Lianikwe kivulini, penye upepo.

Sheria ya Ushindani na Ulinzi wa Mlaji ya Zambia, Namba 24 ya mwaka 2010, iliwakataza wenye maduka kubandika matangazo ya kukana haki za mnunuzi, na aliyeletewa kisicholingana na maelezo aweza kulalamika mbele ya Tume iliyoundwa chini ya sheria hiyo. Lakini malalamiko huhitaji ushahidi. Kabla ya kulipa, mwambie muuzaji aandike katika ujumbe vipimo, uzito na namna ya lateksi, nawe uuhifadhi. Siku basi likifika, Kashikishi haina uhaba wa mizani. Wauza samaki wanazo. Lipime kabla ya kutia sahihi, likiwa bado ndani ya nailoni yake, na kama ni msimu wa mvua litazame kwanza kama halikulowa, maana utomvu ulionywa maji huchukua siku nyingi kukauka.