Gemu Linakula Mistari

Oya wana, tuongee gemu na kalamu. Hapa Hasamba, Mbozi, vipaji vya kuandika vipo kibao. Msela wangu mmoja ana hadithi ya dereva wa lori aliyekwama foleni pale boda ya Tunduma, anasonga ugali pembeni ya trela, anasubiri kuvuka kwenda Nakonde. Hadithi kali kinoma. Kaiandika kwenye simu, ikafika aya ya tatu, ikakata. Kwenye simu hiyohiyo, timu yake ya eFootball imejaa mastaa mpaka benchi.

Namwelewa. Free Fire, iliyotoka 2017, inashusha watu 50 kisiwani, na kwenye dakika kumi hivi mshindi kashapatikana. Ukidedi, unaanza upya fasta. Kila saa unapewa kitu: pointi, nyota, daraja jipya. Hadithi haikupi hayo. Unakesha nayo, hakuna kinacholia wala kuwaka, na asubuhi nusu yake unafuta. Ndo maana ukikwama kwenye sentensi kidole kinakimbilia gemu chenyewe. Na pale unapokwama ndo kazi ilipo, mwanangu. Ukikaa hapo ukavumilia, stori inafunguka.

Kibanda cha PS sina ugomvi nacho. Pedi zimechubuka, wana wamejipanga nyuma ya benchi wanasubiri zamu, goli likiingia kelele mpaka barabarani. Ukiwa na masikio, unatoka pale na maneno ya kujaza sura nzima. Ninalolihofia ni gemu la simu, lile la peke yako kitandani usiku mnene, maana limekaa palepale unapoandikia.

Inaniuma kwa sababu tunaibiwa stori zetu tukiwa macho. Kimondo cha Mbozi kipo pale Ndolezi, wenyeji walikuwa wanakijua tangu kitambo, lakini dunia ilikuja kukisikia mwaka 1930 kupitia mpima ardhi mzungu. Msimu wa kahawa, hela zinavyoingia na ugomvi wa nyumbani unavyoingia nazo, nani ataandika? Na mchongo upo: Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inayosimamiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, ilitolewa mara ya kwanza Aprili 2023, na mshindi wa kwanza aliondoka na milioni 10. Ila wanapokea mswada uliokamilika.

Sikwambii ufute gemu. Nunua kaunta buku na peni. Simu mwachie bi mkubwa sebuleni, we ingia geto, piga kurasa mbili kwa mkono, hata kama mwandiko unapinda. Kesho njoo nazo kibandani. Nasoma kwanza, nakupa yangu ya moyoni, halafu tunashika pedi.