Mashine Kuukuu Ikilegea, Tupime Kwanza Kabla ya Kumlaumu Dereva



Sisi ni mafundi wa karakana katika shamba moja la miwa huku Uganda. Shamba lina ekskaveta moja ya kuchimbia mitaro ya kutoa maji, iliyotengenezwa miaka ya 1980, nayo imepita katika mikono ya madereva wengi. Mashine ya umri huo haikosi kuugua. Ilipougua mara ya mwisho, dereva wake alisimamishwa kazi kabla mtu ye yote hajafungua hata kifuniko kimoja, na ndiyo sababu tumeona tuwaandikie wenzetu wa mashamba na viwanda vingine.

Ugonjwa wenyewe ulikuwa hivi. Dereva alipokunja ndoo iliyojaa udongo, akavuta mkono mdogo na kunyanyua mkono mkubwa, pampu ilianza kulia kama inasaga changarawe, na mkono ukapanda kwa kusitasita. Aliporudisha mikono chini kelele ilipungua. Uongozi ukasema jambo liko wazi: mashine inashindwa wakati wa mzigo, basi pampu imekufa, na imekufa kwa sababu dereva alilazimisha kung'oa mawe. Pampu mpya iagizwe ng'ambo, dereva akae nyumbani bila malipo, na habari ya kukatwa mshahara ikaanza kunong'onwa ofisini. Mwakilishi wetu wa tawi aliomba siku mbili za kupima. Tulipewa moja.

Katika haidroliki swali la kwanza si "pampu ni nzima au mbovu?" Swali la kwanza ni hili: je, kila kitu kimelegea, au kimoja tu? Kikilegea kimoja, kwa mfano ndoo peke yake, huku mikono na minyororo ina nguvu zake, pampu haihusiki, kwani oili ya pampu ile ile inafanya kazi nyingine vizuri. Hapo utafute kwenye valvu ya sehemu ile au kwenye sili za silinda yake. Ikilegea nusu ya kazi za mashine, kumbuka kwamba ekskaveta nyingi za aina hii zina pampu kubwa mbili, na kila moja ina kazi zake. Ukibadilishana mabomba ya pampu hizo mbili, yakiwa ya ukubwa mmoja, na ugonjwa ukahamia upande wa pili, umeipata pampu mbovu. Ugonjwa ukibaki pale pale, pampu zote mbili zimesafishika. Na vikilegea vyote pamoja, rudi nyuma kabisa: injini ina mizunguko yake kamili? Oili imefika alama? Chujio la tankini limeziba? Ile pampu ndogo inayopeleka oili kwenye vishikio vya dereva ina presha?

Yetu ililegea yote. Tukaanza na kile ambacho hakina gharama.

Tulichota oili katika chupa nyeupe na kuiacha dirishani. Ilikuwa na povu kama maziwa, na baada ya muda si mrefu ikatakata. Hiyo ilikuwa hewa. Ingekuwa maji, ukungu ungebaki, au maji yangejitenga chini ya chupa. Na tone lake ukilidondosha juu ya bati la moto linatatarika. Basi pampu ilikuwa inavuta hewa, au inanyimwa oili. Tulikaza vibana vya bomba linalotoka tankini kwenda kwenye pampu, tukapaka oili nzito kwenye maungio yake ili tuone kama kelele itabadilika. Haikubadilika. Kiwango cha oili kilikuwa sawa, na chujio lilikuwa safi kuliko tulivyotazamia.

Hapa lazima tuseme neno juu ya mikono yetu, maana vijana wa karakana wana tabia ya kupapasa mabomba wakitafuta mvujo. Ekskaveta inapochimba, presha yake yaweza kupita kilo 300 kwa kila sentimita ya mraba, na oili inayotoka kwenye kitundu kidogo kama cha sindano inaingia chini ya ngozi kwa presha iliyo ndogo mno kuliko hiyo. Kidonda chake ni kama kuchomwa na mwiba, hakiumi sana mwanzoni, na mtu anarudi kazini. Baada ya saa chache mkono unavimba na kuoza kwa ndani, na wako watu waliokatwa vidole na mikono. Tafuta mvujo kwa kipande cha kartoni, si kwa kiganja. Aliyechomwa apelekwe hospitali saa ile ile, na daktari aambiwe wazi kwamba ni oili ya presha iliyoingia mwilini. Na kabla ya kufungua bomba lo lote, ndoo ilale chini, injini izimwe, vishikio vichezwe pande zote hadi presha iishe.

Turudi kwenye tangi. Mmoja wetu, mzee ambaye hana cheti lakini ana masikio, alimwambia kijana apande kiti cha dereva, akunje ndoo, avute mkono mdogo na kunyanyua mkubwa, kisha arudishe injini taratibu na kushikilia hapo hapo. Sisi wengine tulikaa mbali na mikono. Pampu ikalia. Mzee akalegeza kifuniko cha tangi polepole, akashika jani kavu la muwa karibu yake. Jani likavutwa ndani na kunata, hewa ikaingia kwa mluzi, na kelele ya pampu ikakoma.

Silinda zote zinapotoka nje kwa pamoja zinabeba oili nyingi, na ya tangini inashuka. Nafasi iliyoachwa lazima ijazwe na hewa, inayopita katika kijichujio kidogo cha kupumulia juu ya tangi. Chetu kilikuwa kimezibwa kabisa na majivu ya miwa iliyochomwa, yaliyoshikamana na oili na vumbi. Tangi lilikuwa halipumui, na pampu ilikuwa inanyonya chupa iliyozibwa. Ikaonekana kama mashine inashindwa na mzigo, kwa sababu ndoo ikijaa ndipo silinda zote zinapotoka nje. Tulikiosha kwa mafuta ya taa, tukakikausha kwa hewa. Kabla ya saa kumi jioni mtaro ulikuwa unachimbwa.

Pampu nayo haikutoka salama. Tulipopasua filta ya kurudisha oili na kuitandaza juu ya kitambaa cheupe, tulikuta chembe za kung'aa ambazo sumaku haikuzivuta. Hiyo ni shaba nyekundu ya ndani ya pampu. Hazikuwa nyingi, lakini zilitokana na miezi ya kunyimwa oili. Na hapo ndipo daftari la dereva lilipowekwa mezani. Alikuwa ameandika mara mbili, kwa tarehe, kwamba pampu inalia akinyanyua, na mara moja kwamba ameomba kijichujio kipya stoo na kujibiwa hakuna. Ukurasa wa pili ulikuwa na saini ya msimamizi. Uongozi ulisoma bila kusema kitu. Kesho yake ndugu yetu alirudi kwenye kiti chake.

Tangu hapo, kila Jumamosi tunafungua kibomba chembamba kinachorudisha tangini oili iliyovuja ndani ya pampu, tunakielekeza kwenye debe, na kuhesabu dakika moja kwa saa ya mkononi huku oili ikiwa na joto lake la kazi. Tunapima kwa kopo la lita moja na kuandika ukutani kwa chaki. Siku kipimo kitakapoanza kupanda wiki hadi wiki tutaomba pampu mpya, na tutakuwa na ukuta wa kuonyesha. Majivu ya kijichujio tunayaosha kila baada ya msimu wa kuchoma miwa, maana kipya bado hakijaletwa.

Malipo ya siku kumi na moja alizokaa nyumbani pia hayajaletwa. Kamati ya tawi imeandika barua ya pili.